Herufi za Sauti ya Pili

Sauti ya pili haisifiwi na mtu. Watu wakitoka kanisani huondoka wakiimba sauti ya kwanza njiani, na sauti ya nne ikinguruma wanaume hutikisa vichwa kwa furaha, lakini sijawahi kumsikia mtu akichota maji huku akiimba sauti ya pili, isipokuwa sisi wenyewe tuliojifunza. Mimi nimeiimba tangu nilipoolewa na kuja kuishi upande huu wa Karuba. Kwa miaka kumi na mmoja niliimba nikiwa nimesimama karibu na mwanamke mmoja, mkubwa wangu kwa miaka sita au saba, ambaye nilimwita Dada ingawa hatukuzaliwa pamoja.

Dada alilima maharagi na viazi. Alikuwa mama wa watoto watano na mtu wa maneno machache. Mimi nilifundisha shule ya msingi. Tulikutana kwenye mazoezi ya korale, kwaya yetu ya kanisa, kila Jumatano na Jumamosi saa tisa alasiri, watu wakitoka shamba na udongo ungali miguuni. Kanisa letu ni la mbao. Kuna wakati sauti zote nne zilikutana vizuri hata ukiweka kiganja ukutani ukasikia mbao zinatetemeka. Siku kama hiyo nilirudi nyumbani nimeshiba kabla ya kula, na mume wangu alijua asinisemeshe mpaka nimalize kuimba peke yangu jikoni.

Mwalimu wetu wa korale alijifunza muziki kwa herufi, na kwa herufi ndivyo alivyotufundisha: d ni do, r ni re, m ni mi, na kati yake nukta na vistari vya kuonyesha sauti ishike muda gani. Aliandika ubaoni, mimi nikanakili katika kaye, daftari kubwa la korale, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Herufi ziliwekwa upande mmoja wa karatasi na maneno ya wimbo nyuma yake. Juu ya kila wimbo alitaka niandike tuliuimbia wapi, na siku hiyo kila sauti ilikuwa na watu wangapi, ili tujue wapi tulikuwa na nguvu na wapi tulipwaya.

Wengi katika korale walijifunza kwa kusikia tu. Tuliozijua herufi, kadiri nilivyoamini, tulikuwa watatu: mwalimu, mimi na Dada. Dada alikuwa akishika karatasi yake kama mimi na kuigeuza nilipogeuza yangu. Wimbo mpya ukija aliniambia, "Anza weye, mi nitakufata," nami nilidhani ni adabu yake.

Mwaka ninaousimulia, makorale yote ya upande wetu yaliitwa Mweso kuimba pamoja Jumapili moja. Barabara zilikuwa na watu wa silaha wa kila namna. Sitasema walikuwa wa nani, kwa kuwa kwa siku moja mtu aliweza kuvuka bariere tatu, vizuizi vya barabarani, za makundi matatu tofauti. Wengine kijijini walituambia tuache. Tulijadiliana Jumatano nzima badala ya kuimba, na mwisho tukakubaliana kwenda, kwa sababu tangu mwaka uliotangulia hatukuwa tumeimba popote nje ya kijiji chetu na korale ilikuwa inaanza kufa. Mwalimu alitangulia kwa pikipiki. Kabla ya kuondoka alinipa wimbo mpya, herufi tupu. Alisema maneno atayamalizia njiani na atatufundisha tukifika. Niliunakili kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye na kuifunga ndani ya sare yangu.

Tuliondoka Ijumaa alfajiri, watu kumi na wanane, wanawake kumi na mmoja na wanaume saba. Tulikata milima kwa miguu kuelekea barabara ya Kitshanga. Bariere ya kwanza walitutaka tuimbe, tukaimba, wakatufungulia. Ya pili ilikuwa kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ya karatusi, na kando yake nyumba ndogo ya mbao. Pale hawakutaka wimbo. Walitaka mifuko.

Kijana aliyepekua mfuko wangu alitoa sare, akaikunjua, kaye ikaanguka. Aliifungua, akageuza kurasa mbili tatu, kisha akaingia nayo ndani bila kusema kitu. Tulisimama tukisubiri. Baadaye alitoka mkubwa wao, mwanamume mwenye redio ya mkononi, nyuma yake mtu amembebea kiti cha plastiki. Alikaa, akaweka kaye magotini, akaomba mwenye mfuko asogee. Sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole, na hiyo ndiyo iliyonitia hofu zaidi.

"Mama, hii iko nini?"

"Iko kaye ya korale, Papa. Nyimbo."

"Maneno naona, ya Mungu. Maneno ya Mungu inaweza kufunika mambo mingi. Mi naulizia hii herufi." Kisha akasoma kwa sauti ili wenzake wasikie: Karuba, kwanza tisa, pili saba, tatu tano, ine sita. Mushaki, kwanza kumi, pili nane. Alivyosoma yeye, hata mimi niliyeandika kwa mkono wangu nilisikia watu wenye bunduki wamepangwa juu ya vilima.

Nilieleza. Nilisema ni hesabu ya waimbaji. Mmoja wa wanaume wetu, wa sauti ya tatu, alisogea ili anisaidie kueleza, na kabla hajamaliza neno la pili alipigwa kitako cha bunduki begani. Baada ya hapo wanaume wetu waliketishwa chini kwenye majani, mikono magotini, na hakuna aliyesaidia tena.

Yule mkubwa aliniambia nisome. Niliimba mstari mmoja, do re mi zake. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba hiyo naweza kuitunga hapo hapo nilipo. Alisema kweli. Kwa mtu asiyejua, ningeweza kuimba chochote.

"Nani mwingine anajua kusoma hii?"

Mpaka leo najaribu kukumbuka kama nilifikiri kabla ya kujibu. Sidhani. Nilikuwa peke yangu mbele ya kile kiti, na sikutaka kuendelea kuwa peke yangu. Niliinua mkono nikanyoosha kidole kwa Dada.

"Huyu."

Alitoka kwenye mstari wa wanawake akaja polepole. Alipewa kaye. Aliishika vizuri, kichwa juu miguu chini, kwa mikono miwili, kama alivyoshika karatasi zake miaka yote. Yule mkubwa alimwonyesha mstari wa pili na kumwambia aimbe. Dada alitazama ukurasa. Nilimwona akitazama mstari, halafu ukingo wa karatasi, halafu vidole vyake mwenyewe. Nilifikiri ni woga. Nilitamani nimtajie noti ya kwanza.

Alirudisha kaye kwa mikono miwili.

"Papa, mi siyuwe kusoma," alisema. "Ata jina yangu siyuwe kuiandika."

Nyuma yetu mtu mmoja wa korale alivuta pumzi kwa sauti. Yule mkubwa hakukasirika. Alinigeukia tu, akasema kwamba basi nimemdanganya, na mtu anayedanganya kitu kidogo ana kikubwa anachokificha. Aliwaashiria watu wake. Wawili walinishika mikono na kunipeleka kwenye mlango wa ile nyumba. Ndani kulikuwa giza, harufu ya moshi na mafuta ya bunduki. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti Dada aliposema tena, na hakupaza sauti.

"Papa, ngoja. Muniweke nyuma ya nyumba, kwenye siwezi kumuona. Yeye aimbe sauti tupu, bila maneno, pale kwenye weye utamuonyesha. Mi nitakuambia iko wimbo gani na maneno yake. Utaangalia nyuma ya karatasi. Ukiona nimekosa, utafanya kile unataka."

Yule mkubwa alikubali kwa kichwa, nami nikarudishwa mbele ya kiti. Dada alipelekwa nyuma ya nyumba na mtu mmoja mwenye bunduki. Mwingine alisimama kwenye kona, mahali alipoweza kutuona sote wawili, ahakikishe hatupeani ishara.

Nilichoogopa sasa kilikuwa sauti yangu. Kama ningeimba vibaya, kama ningepanda au kukimbia, Dada asingeutambua wimbo, na kosa langu lingekuwa lake. Niliomba maji. Nilipewa kikombe, na nusu yake nikaimwaga kifuani.

Yule mkubwa alifungua kaye katikati na kuweka kidole. Niliimba la, la, la, sauti ya pili peke yake bila ya kwanza ya kuipamba, kitu ambacho mtu wa kawaida hawezi kukipatia kichwa wala mkia. Nilifika mwisho wa mstari. Kutoka nyuma ya mbao Dada alisema:

"Iko ule wa mavuno. Unaanza, 'Mvua imerudi kilimani, Baba, tumeiona.'"

Yule mkubwa aligeuza karatasi, akapitisha kidole chini ya maneno. Alifungua mbali zaidi. Wimbo wa pili ulikuwa wa Kihunde, na Dada aliutaja baada ya noti sita tu, hata sikumaliza. Yule mkubwa alimwita mmoja wa watu wake aliyejua Kihunde aje asome. Yule alisoma huku midomo ikicheza, akakubali kwa kichwa, na niliona kwamba aliendelea kusoma hadi chini ingawa hakuombwa.

Wa tatu ulitaka kutumaliza. Sauti ya pili ina tabia ya kukaa mahali pamoja. Wenzake wanapanda na kushuka, yeye anashikilia noti ile ile kama mtu anayeshika ngazi ili wengine wapande. Nyimbo zetu mbili zilianza hivyo, noti moja mara nane. Nilijua tangu alipoweka kidole. Niliimba, na Dada akasema ni wa Noeli, akataja maneno yake.

Yule mkubwa aligeuza karatasi na kutazama. Akaifunga kaye, kidole kikiwa bado ndani.

Sikuacha kuimba. Alikuwa ameniambia niishie mwisho wa mstari, lakini mstari unaofuata niliujua kwa kichwa, nami nikaingia ndani yake nikiwa nimefumba macho, hadi pale sauti inaposhuka hatua tatu. Niliposhuka nilimsikia Dada akisema haraka:

"Apana, nimekosa. Iko ule wa maziko. 'Tumekusindikiza mpaka hapa, ndugu yetu.' Ile ya Noeli haishuke."

"Nilikuambia uishie hapa," yule mkubwa aliniambia.

"Ndiyo, Papa."

Nyuma yangu mwanamke mmoja alikuwa analia kwa kujizuia, na mtu akamwambia anyamaze. Yule mkubwa alifungua kaye tena, safari hii kwenye ukurasa wa mwisho.

Ulikuwa wimbo mpya. Nilitaka kumwambia kwamba huo bado, lakini kama ningesema ingekuwa sawa na kumpelekea Dada ishara, na yule wa kwenye kona alikuwa ananitazama mdomoni. Niliimba. Ni wimbo mzuri ule, sauti ya pili ndiyo inayouanza, na mimi nilikuwa naiimba kwa mara ya kwanza maishani, mbele ya bunduki. Nilimaliza. Nyuma ya nyumba kimya.

"Rudilia."

Nilirudia. Kimya tena. Niliona jinsi ingekuwa rahisi kwake kutaja wimbo wowote, kukisia, kuokoa nafsi yake kwa kubahatisha, kwa maana zile tatu za kwanza mwishowe alizipata zote. Niliwaza pia kwamba ameshikwa na woga na hawezi kusema. Nilihesabu pumzi zangu hadi kumi na mbili.

"Ule siuyuwe," alisema mwishowe. "Ule haujafika kwetu."

Yule mkubwa aligeuza karatasi. Nyuma yake palikuwa peupe. Aliigeuza tena mbele, tena nyuma. Aliipitisha kaye kwa yule mtu wa Kihunde, naye akaitazama, akairudisha. Halafu aliinuka, akachana kwa utaratibu kila kipande cha juu chenye majina ya vijiji na hesabu, akavitia mfukoni, akanipa kaye iliyobaki ikiwa na meno meno kama iliyoliwa na panya.

"Mumuambie mwalimu wenu aache kuandika hesabu ya batu," alisema. Kisha akaingia ndani.

Kamba ililegezwa. Tulivuka mmoja mmoja, na hakuna aliyekimbia, ingawa miguu ilitaka. Ilikuwa saa nane mchana.

Tulilala njiani, katika kijiji ambapo watu wa kanisa walitupokea, na Jumamosi jioni tukafika Mweso. Njia yote watu walimzunguka Dada, wanamshukuru, wanamsifia sikio lake, wanasimulia upya jinsi alivyosema ile ya Noeli haishuki. Alijibu kwa ndiyo na hapana. Kwangu hakujibu kabisa. Nilimkaribia mara mbili, na mara zote mbili alifunga vizuri kitenge chake na kutembea mbele. Jumapili tuliimba. Watu walitusifu. Tulisimama bega kwa bega kama kawaida, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja aliingia kwenye kila wimbo bila kunisubiri.

Tulipofika nyumbani aliacha kuja mazoezini. Jumatano ya kwanza tulisema amechoka. Juma la pili, mwalimu aliniuliza kuna nini, nikasema sijui. La tatu sikuweza kukaa. Niliamini naijua sababu: nilimwaibisha. Nilikuwa nimeweka siri yake hadharani mbele ya korale nzima, mtu mzima aliyeshika karatasi miaka yote bila kuisoma. Nilinunua kaye mpya na kalamu mbili na kwenda kwake shambani, nikiwa nimejipanga kumwambia kwamba nitamfundisha herufi, taratibu, nyumbani kwangu, na hakuna atakayejua.

Nilimkuta anapalilia maharagi kwenye mteremko. Aliniona tangu mbali na hakuacha kulima. Nilimsalimu, akaitika. Nilisema yote niliyoyapanga, nikamwonyesha kaye. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaegemea jembe.

"Unafikiri nimekasirika sababu ya kusoma?"

Niliishusha kaye.

"Mi najua siyuwe kusoma. Niko nalijua tangu niko mutoto. Batu wacheke, wasicheke, maharagi yangu iko inaota." Alifuta jasho kwa kiwiko. "Ulinionyesha na kidole. Mbele ya bunduki. Miaka yote hii haukuniuliza ata siku moja kama najua ao sijui, na siku ile njo ulinionyesha na kidole kama mutu anaonyesha mbuzi yake."

Nilitaka kusema kwamba nilidhani ningemwita kwenye jambo analolijua, kwamba nilimwamini. Yote yalikuwa kweli na hakuna lililofaa. Nilimwambia kilichobaki.

"Niliogopa kubaki peke yangu, Dada."

"Najua," alisema. "Nilikuona usoni."

Alirudi kulima. Nilisimama pale na kaye yangu mpya, sijui nikae au niondoke. Baadaye alisema, bila kunitazama, kwamba kuna jembe lingine chini ya mti, kama nimekuja kusimama tu ni afadhali nirudi shuleni. Nilivua viatu. Tulipalilia hadi mistari miwili ya mwisho. Mgongo uliniuma siku tatu.

Jumamosi iliyofuata alikuja mazoezini, akasimama upande wa pili wa mstari wetu, mbali nami. Nafasi yake ilichukuliwa na dada mmoja kijana, mwenye sauti nzuri lakini asiye na subira. Msimu mzima wa mvua tuliimba hivyo. Mwalimu hakuuliza. Aliacha kuandika hesabu, na wimbo mpya alianza kuuimba kwa mdomo, sauti moja baada ya nyingine, kabla hajashika chaki. Ule wa ukurasa wa mwisho aliutilia maneno, tukajifunza. Mimi kila tulipoufikia nilishindwa kuuanza kwa utulivu. Mwendo ulinitoka, nikaingia kabla mwalimu hajashusha mkono.

Jumatano moja, mvua ikipiga mabati hata hatukusikiana, tulikuwa tunaurudia kwa mara ya tano au ya sita. Niliona Dada anatoka mahali pake. Alipita nyuma ya wenzake, akamgusa yule dada kijana begani ili asogee, akasimama karibu yangu.

"Unakimbia," aliniambia sikioni, juu ya kelele ya mvua. "Ngoja mwalimu ashushe mukono. Na ufungue mudomo."

Mwalimu aliinua mkono. Nilingoja.